Nilivyompata mtikisa-mkia wa milimani hapa Karura

Kwa miaka mingi niliwaonea wivu watu wa Ulaya kwa sababu ya ndege mmoja, anayeitwa "dipper" kwa Kiingereza: yule mnene mwenye kifua cheupe, anayeimba juu ya jiwe katikati ya mto wa mlimani, kisha huyo, ameingia majini na kutembea chini akitafuta wadudu. Kenya hayupo. Afrika anapatikana kaskazini kabisa, kwenye milima ya Atlas.

"Acha kulilia cha mwenzio," mzee mmoja aliniambia kwenye matembezi ya Jumatano ya kutazama ndege ya chama cha Nature Kenya, pale Makumbusho ya Nairobi. "Nenda msitu wa Karura hapa Nairobi, kijana. Kuna mtikisa-mkia wa milimani. Hazami, lakini naye bila maji yanayokwenda kasi haishi."

Safari ya kwanza niliingia kwa geti la Limuru Road, nikashuka hadi kwenye maporomoko, nikaona mkia unatikisika, nikapiga picha kumi na kitu. Kufika nyumbani, kumbe ni yule mweusi na mweupe anayeokota makombo kwenye maegesho ya magari mjini! Safari ya pili mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, mawe yote yamefunikwa. Huyu ndege bila jiwe la kusimama hana shughuli hapo. Nikarudi na matope hadi magotini.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutembeatembea. Mara ya tatu nilisubiri wiki kavu, nikaketi nimeegemea mti, macho kwenye mawe yaliyolowa. Ngurumo ya maji humeza sauti nyingi, ila yake ni kali na nyembamba, kama sarafu mbili zikigongana. Niliisikia kabla sijamwona. Akaja chini chini akifuata kona za mto, akatua.

Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, ukanda mwembamba mweusi kifuani, na mkia mrefu usiotulia hata kidogo. Ukiona manjano tumboni, huyo ni mwingine, mgeni anayekimbia baridi ya kaskazini. Mara mwenzake akatua jiwe la pili. Wakawa wanadonoa wadudu huku povu lenye harufu ya sabuni likipita katikati yao. Inauma, lakini wao hawakujali.

Picha nilimtumia mzee. Akajibu: "Vizuri. Sasa tafuta kiota."