Chungu jikoni

Mpe msomaji wa vitabu vya sauti sentensi hii: "Bibi aliingia jikoni akaona chungu." Je, bibi ameona chombo cha kupikia au wale wadudu wanaofuata sukari? Ukiisoma kwa macho, huwezi kujua. Ukiisikia kwa mtu wa Mvita, yaani Mombasa, swali halipo: chungu cha kupikia hutamkwa kikavu, na chungu mdudu hutoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, utaihisi. Ndivyo ilivyo kwa paa la nyumba na paa wa mwituni, kaa la moto na kaa wa mikokoni. Tahajia sanifu haina alama ya pumzi hiyo, kwa hiyo anayeijua ndiye pekee anayeweza kuirudisha.

Ndiyo maana sijali sana sauti nzito. Watu wakitafuta msomaji hutafuta ngurumo ya mtangazaji wa redio, kisha ngurumo ile inasoma "zambi" badala ya dhambi na "gali" badala ya ghali kwa saa nane mfululizo. Tena kuna barabara. Ile ya magari mkazo wake uko kwenye "ba" ya mwisho kasoro moja, kama maneno yetu mengi. Lakini "amejibu barabara" mkazo unarudi nyuma, kwenye "ra" ya kwanza. Sauti za kompyuta ndipo zinapojikwaa, na msomaji asiyepitia maandishi kabla ya kurekodi hujikwaa papo hapo.

Pumzi hiyo ina taabu yake mbele ya maikrofoni: ikiipiga moja kwa moja, unasikia "bup!" kwenye spika. Dawa mbovu ni kumwambia msomaji aimeze. Dawa nzuri ni kukaa umbali wa shubiri moja, maikrofoni ikiwa kando kidogo ya mdomo badala ya mbele yake, kichujio cha kitambaa kati yao, kisha fundi apunguze masafa yaliyo chini ya hezi 80. Kishindo kinaondoka, neno linabaki.

Kosa linaloudhi zaidi, na ambalo mafundi wengi hawalisikii kabisa, ni kuzidisha programu ya kuondoa kelele. Programu hizo hukata kila kilicho hafifu. Sasa fikiria Kiswahili: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, mkazo unakaa kabla yake, kwa hiyo irabu ya mwisho ndiyo dhaifu. Programu inaiona kama uchafu, inaifyeka. Na irabu hiyo ndiyo iliyobeba maana! "Aende" ni amri au ombi. "Aenda" kwa watu wa pwani ni kwamba yuko njiani. Ukikata mwisho, msikilizaji anabaki na "aend" na kubahatisha. Afadhali feni isikike kwa mbali.

Ila feni yenyewe izimwe, na friji pia. Wanaonunua vitabu kwa viwango vya ACX, soko la vitabu vya sauti la Marekani, wanadai ukimya usiozidi desibeli -60, wastani wa sauti kati ya -23 na -18, na kilele kisichopita -3. Mombasa mchana huo ukimya wa -60 ni ndoto: kunguru, tuktuk, jenereta ya jirani, mtu anagonga mabati. Saa za kufanya kazi ni baada ya isha mpaka kabla ya adhana ya alfajiri. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene zinazozuia kelele za nje, lakini chumba kitupu chenye plasta kinarudisha mwangwi kama kisima. Simamisha magodoro mawili nyuma ya msomaji, tundika blanketi nzito mbele yake. Trei za mayai hazisaidii kitu, ziache sokoni. Madirisha yakifungwa joto ni kali, kwa hiyo rekodi dakika 20, fungua, pumua, kunywa maji. Msomaji aliyekauka koo hutoa vile vijisauti vya ulimi kunata, na kuvisafisha kimoja kimoja kunachukua muda kuliko kusoma upya.

Mazungumzo ya wahusika: mwanamume asibane pua kumwigiza mwanamke, na bibi kizee asitetemeshwe kama mwenye homa. Tofauti ya mwendo inatosha. Na mwandishi akiwa amemwandikia bibi wa Mvita "ndoo hapa" na "yuwaja", msomaji asimsahihishe kuwa "njoo" na "anakuja". Hakukosea huyo.

Ushairi ndio mtihani. Mshororo wa shairi wa mizani 16, yaani silabi 16, una ukwapi na utao, nusu ya kwanza na ya pili, nane kwa nane, na kina cha kati, kile cha mwisho wa ukwapi, kinataka nusu pumzi hata pasipo mkato. Anayesoma kwa kufuata alama za uandishi anakipita mbio, na shairi linageuka taarifa ya habari. Utenzi ni kinyume chake: mishororo ya mizani nane ni mifupi, na anayeshusha sauti mwisho wa kila mmoja anasikika kama anasoma orodha ya duka. Ibebe mitatu, tua kwenye wa nne, kwenye kina cha bahari, kile kinachojirudia mwisho wa kila ubeti.

Kwa upande wa msikilizaji mambo ni mepesi. Sauti ya mtu mmoja haihitaji stereo. Faili la mono, yaani la mkondo mmoja wa sauti, la kilobiti 64 kwa sekunde linakula takriban MB 29 kwa saa, na la 192 takriban MB 86. Kitabu cha saa kumi kwa bando la simu, tofauti hiyo unaiona. Nathari yenye msomaji mtulivu inavumilia kasi ya 1.25, ushairi uache kwenye 1. Na kabla ya kufungua diwani yoyote, ingia kwenye mipangilio uzime kile kitufe cha kuruka ukimya, maana programu haijui kwamba ile nusu pumzi ya kina cha kati ni sehemu ya shairi.