Ulikaa Upande Gani?

Kila Desemba nikirudi Moshi naulizwa maswali yaleyale: baridi ya huko ikoje (naishi Florida, joto lake ni kama la Tanga, lakini hakuna anayeniamini), mshahara ni wa wiki au wa mwezi, na mke naleta lini. Mwaka 2022 likaongezeka lingine. Video niliyotuma kwenye kundi la ukoo, ile ya roketi ya mwezini, ilikuwa imeshazunguka Kibosho nzima kabla sijatua KIA. Mama mkubwa alitaka kujua kama mlikuwa na watu ndani. Nikamwambia hapana, safari ile walipakia mdoli mmoja wa ukubwa wa mtu na viwiliwili viwili, vyote vikiwa na vipimo. Binamu zangu wakauliza bei. Baba mdogo, aliyepandisha wageni mlimani zaidi ya miaka 20, alimaliza kwanza mbege iliyokuwa kwenye kata, akafuta mdomo.

"Ulikaa upande gani?"

Nilicheka, maana swali hilo mimi mwenyewe lilinichukua miezi mitatu kujiuliza.

Kwangu ni Orlando, kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Kwenda pwani kunakorushwa roketi ni kama saa moja kwa gari, mradi watu wengine hawajaamua kwenda siku hiyohiyo. Tarehe 29 Agosti, roketi hiyo ya mwezini, safari iliyoitwa Artemis I, ilipangwa kuondoka saa mbili na dakika 33 asubuhi. Nikatoka kazini na sare yangu, moja kwa moja hadi Cocoa Beach, kwa sababu kila mtu alisema "nenda ufukweni". Ufukwe mzuri, sikatai. Ila wanaporushia roketi hapo ni pengi, na ile ilikuwa kwenye jukwaa namba 39B, kaskazini huko, mbali kabisa na mchanga niliotandika taulo langu. Nilikuwa kama mtalii aliyefika mzunguko wa YMCA akauliza Mawenzi iko wapi huku ameupa mlima mgongo. Hata hivyo haikuruka. Kipimo kilionyesha injini moja kati ya nne haijapoa inavyotakiwa, wakaahirisha.

Tarehe 3 Septemba nikajitia ujanja, nikaenda Titusville, mji unaokitazama kituo cha kurushia roketi, Kennedy Space Center, ng'ambo ya maji. Maji yenyewe wanayaita Indian River, lakini si mto. Ni bahari iliyojifungia kati ya bara na visiwa. Muda ulikuwa saa nane na dakika 17 mchana. Jua la saa tano likanikuta sina kofia, sina kiti, maji ya kunywa yameisha. Wakatangaza hidrojeni inavuja, safari imevunjika. Pembeni yangu walikuwapo mzee mmoja na mkewe, wazungu wa hapohapo, wamekaa chini ya mwavuli na kikapu cha chakula. Wao wala hawakushtuka. Walifungasha taratibu kama watu waliotoka kanisani.

"Hapo ndipo ungewauliza," baba mdogo akasema. Ndivyo nilivyofanya.

Mzee akanifundisha kwa kidole. Ng'ambo kuna jengo kubwa la kuunganishia roketi, mita 160 kwenda juu. Hilo ndilo alama yako. Ukisimama bustani ya Space View Park, 39B iko kushoto kwa jengo. Jua kwanza jukwaa, ndipo uchague pa kukaa. Zinazotoka namba 40 au 41, kusini zaidi, zitazame kutoka Jetty Park kule bandarini. Ufukwe wa Playalinda ndio wa karibu kuliko yote kwa hizi za 39, lakini mara nyingine hufungwa roketi ikiruka, na usiku hauingii. Daraja la Max Brewer ni zuri kwa sababu liko juu, ila juani halina hata kijiti cha kivuli. Mkewe akaongeza neno moja tu: mbu.

Basi usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba niliomba ruhusa kazini, nikafika Titusville saa mbili usiku na kiti, sweta, dawa ya mbu na chupa ya chai. Muda ulikuwa saa saba na dakika nne usiku. Ukapita. Hidrojeni tena, mafundi watatu walitumwa hadi chini ya roketi iliyojaa mafuta kukaza nati (mama mkubwa alipiga ishara ya msalaba nilipofika hapa). Tukasubiri. Saa saba na dakika 47, Moshi ikiwa saa tatu na dakika 47 asubuhi, upeo wa macho uliwaka.

Hakuna sauti, hicho ndicho kilichonitisha. Mwanga wa rangi ya chungwa ulipanda, maji yakawaka, nikaona nyuso za watu niliokuwa nao gizani saa zote hizo bila kuwajua. Nilikuwa kama kilomita 18 kutoka pale, na sauti haiendi hata mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo karibu dakika nzima roketi ilikuwa inapanda kimya. Halafu mngurumo ukafika, kwanza kifuani, masikioni baadaye.

Binamu mmoja akauliza kwa nini hawarushii huku kwetu, wana ubahili gani. Nikamwambia walisharusha. Karibu na Malindi, baharini, Waitaliano walikuwa na jukwaa lililoitwa San Marco, wakarusha kuanzia 1967 hadi 1988. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, hivyo roketi ya kwenda mashariki inapata msukumo wa bure, na mbele yake ni bahari tupu ya kuangukia mabaki. Florida nako walikwenda kwa sababu hizohizo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, Waitaliano hao waliwarushia Wamarekani kutoka hapo satelaiti ya kuchunguza miali ya eksirei angani, ikapewa jina Uhuru.

"Uhuru?" Baba mdogo akaweka kata chini. "Uhuru huu?"

"Jina hilohilo."

Akatazama juu, upande wa Kibo, ingawa ilikuwa usiku na mawingu yameufunika mlima wote. Nilidhani atasema neno la maana. Akauliza choo kilikuwa umbali gani. Kisha kama tulikula. Kisha, "Na kushuka?"

Nikakiri. Kutoka pale hadi barabara kuu, saa tatu za foleni, magari yamebanana kama Kiboriloni siku ya soko. Nilifika Orlando kumepambazuka.

"Gari uliligeuza kabla, likatazama njia ya kutokea?"

"Sikuligeuza, baba."

"Aaa, mangi," akasema, akainuka kwenda kuongeza mbege.