Sifongo Iliyoyeyuka Chupani

Somo la siku ile lilikuwa spikuli, vile vijimwiba vinavyosimamisha mwili wa sifongo, mnyama wa baharini. Skuli ilikuwa na darubini moja, chupa moja ya jiki, na sifongo laini tuliyopewa na akina mama wa Jambiani, Zanzibar, wanaoikuza baharini kwenye kamba.

Kipande kisizidi punje ya mahindi, kikatwe kuanzia ngozi mpaka ndani, maana spikuli za juu mara nyingi si sawa na za ndani. Kinatiwa kwenye kichupa, kinafunikwa kwa jiki, kinaachwa mpaka povu litulie. Nyama huliwa, spikuli hutua chini kama vumbi jeupe. Hapo mwaga maji ya juu polepole, suuza mara 4 au 5, kila mara ungoje zitue. Ukifanya haraka unazimwaga. Usiposuuza vya kutosha, jiki hukauka ikaacha chembe za chumvi, na mgeni wa darubini huzichora kwa bidii akidhani ndizo spikuli.

Kipande chetu kililala usiku kucha. Asubuhi, maji matupu.

"Mwalimu, mbona hamna kitu?"

Kosa lilikuwa langu. Ile laini ya Jambiani ni sifongo ya kuogea, na hiyo haina spikuli hata moja. Imeshikwa na nyuzi za spongini tu, nazo ni protini, chakula cha jiki. Ndiyo maana haichomi ngozi!

Maji yalipokupwa, kijana mmoja akaleta sifongo ya mwambani, ile inayowasha mikono. Safari hii zilionekana. Tukazitia siki: za chokaa zingetoa povu, za silika, yaani kitu cha jamii ya kioo, hutulia, na hizi zilitulia. Ila jiki isuuzwe kabisa kwanza, kwani ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, sumu ya mapafu.

Kisha nikawatajia Monorhaphis chuni, sifongo ya kilindini iliyopatikana pwani ya Afrika Mashariki na meli ya Kijerumani Valdivia, katika safari ya 1898–1899. Huishi kwenye kina cha zaidi ya mita 500. Mwili wake umezunguka spikuli moja kubwa ya silika iliyochomekwa topeni, nene kama kidole, urefu hufika mita 3. Ni tabaka nyembamba mno, moja juu ya mwenzake, baina ya tabaka na tabaka protini, kwa hiyo hupinda bila kukatika.

Hawakusadiki. Tukaichora kwa urefu wake halisi. Ubao ukaisha, chaki ikaendelea ukutani hadi mlangoni.