Vibua wa giza, nawala mbalamwezi

Wa Tanga hili mnalijua, ila kwa ndugu zangu wa bara niseme tu kwamba samaki wetu wana kalenda yao. Likiingia giza, zile siku ambazo mwezi haupo, watu wa taa wanatoka usiku na asubuhi ukishuka Deep Sea, pale vyombo vinaposhusha samaki, vibua wamejaa ndoo kwa ndoo mpaka wachuuzi wanakuita wenyewe, dada njoo, njoo nikuongezee. Mbalamwezi ikisimama taa hazivuti samaki, vyombo vinalala, na kibua yule yule uliyemringia wiki mbili nyuma unauziwa kwa bei ya kukutoa machozi. Na kusi ikivuma ndo usiseme.

Kwa hiyo kila mwenye friza anapiga hesabu ile ile, nunua giza ule mbalamwezi. Mi nimeipiga miaka na miaka kwa mifuko ya kawaida, na matokeo yake mnayajua, mwezi haujaisha samaki ashapauka, ana mabaka meupe makavu utadhani kapakwa chokaa, ukimkaanga nyumba nzima inanuka friji. Kibua ndo mbaya zaidi maana ana mafuta, na mafuta yakikutana na hewa yanachacha hata kama yako kwenye barafu.

Sasa mdogo wangu akaniletea kutoka Dar hii mashine ya vakyumu. Ni kitu kirefu chembamba, unaweka mdomo wa mfuko, unabana mfuniko, inafyonza hewa yote halafu inaziba mdomo kwa moto. Mama mkwe akaitazama weee, akaniuliza, "Hii ndo ile ya kunyooshea nywele?" Nkamwambia hapana mama, ya samaki. Akasema, "Samaki naye ana nywele?" Akaondoka zake jikoni.

Siku ya kwanza nilijuta kuipokea. Mifuko iliyokuja nayo niliimaliza kwa majaribio, nkaenda Ngamiani nkanunua mifuko laini ya kawaida, mashine ikanguruma mpaka ikapata moto na hewa haikutoka hata kidogo. Kumbe mifuko yake ina upande mmoja wenye vijistari vya kukwaruza, ukipitisha kidole unavisikia, na hewa inatoka kwa kupita humo kwenye vifereji. Mfuko laini wenyewe unagandana mdomoni kabla hewa haijaisha ndani. Mashine kubwa za viwandani zinakubali mfuko laini, hizi zetu za mezani hazikubali.

La pili ni maji. Samaki mbichi ana maji, mashine ikifyonza inayavuta mpaka mdomoni na pale penye maji moto haushiki, unaona pameziba vizuri kesho yake mfuko umelegea. Saivi nafanya hivi, natoa matumbo na mashavu, naosha, nafuta kwa kitambaa kikavu ndani na nje, nawapanga kwenye sinia nawaingiza friza masaa mawili matatu mpaka wakakamae, ndo nawatia mfukoni. Mdomo naziba mara mbili, mstari juu ya mstari. Na mapezi nakata kwa mkasi, hasa changu, ule mwiba wake wa mgongoni unatoboa mfuko kama sindano. Ikifyonza vizuri raha yake uione, plastiki inamkumbatia samaki mpaka jicho linachomoza, magamba unayahesabu.

Ila kuna siku niliogopa kweli na ndo sababu hasa ya kuandika haya. Paketi mbili niliziacha friji ya chini, siyo friza, nkajiambia si hazina hewa, zitanisubiri. Nkaenda Muheza msibani siku nne, huku nyuma umeme ukakatika ukarudi ukakatika tena. Narudi nakuta paketi zimevimba kama maandazi. Binti wa dada yangu akafungua moja akanusa, akasema mamdogo mbona hanuki sana, tumkaange na ndimu. Nkamnyang'anya, nkatupa zote mbili, nkaosha mikono.

Maana kutoa hewa hakuui vijidudu, kunawanyima hewa wale wanaoihitaji, ambao ndo hao hao wanaotoa harufu na ukungu wa kukuonya. Wapo wengine wanaipenda hali ya kukosa hewa, mmoja wao anaitwa Clostridium botulinum, anatoa sumu kali ambayo hauioni wala hauinusi, na yule wa kwenye samaki anaweza kukua hata kwenye ubaridi wa digrii 3 au 4, yaani friji ya kawaida tu ya nyumbani. Kwa hiyo samaki wa vakyumu ni friza moja kwa moja, digrii 18 chini ya sifuri, na ukitaka kumyeyusha tia mkasi kwenye paketi kwanza hewa iingie, kisha muweke friji ya chini. Mi nilikuwa namyeyusha na paketi yake imefungwa juu ya sinki, mchana kutwa. Mungu kanisitiri.

Vitunguu saumu vibichi usivitie humo, sababu ni huyo huyo. Kabichi inatoa gesi yenyewe, mfuko unavimba bure, labda uichovye kwanza kwenye maji ya moto. Nazi ya kukuna inakaa vizuri sana kwenye friza. Maharage na kunde nazo, wadudu wanakosa pumzi wanakufa humo humo, ni ujanja ule ule wa mifuko ya PICS ambayo wakulima wanawekea mahindi, iliyoanzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipokuwa wanahangaika na kunde za Kameruni.

Kama huna mashine usihuzunike. Chukua mfuko wa zipu, tia samaki, acha kona moja wazi, uzamishe taratibu kwenye beseni la maji mpaka karibu na mdomo, maji yenyewe yanaisukuma hewa nje, ziba. Haufiki wa mashine lakini unaushinda mfuko wa kufunga fundo kwa mbali.

Kinachoniuma ni plastiki. Mwaka 2019 tulipoagana na rambo nilifurahi kweli, na vifungashio vya chakula viliruhusiwa, sawa, ila pipa langu la taka nalijua mwenyewe. Mfuko uliobeba samaki mbichi siurudii, wa maharage naukata mdomo naurudia mpaka unaisha kwa ufupi.

Mama mkwe nae wiki iliyopita, mwezi umejaa nje kama sahani, alikula vibua wa kupaka akauliza nimewapata wapi saa hizi. Sikumjibu, nilimuonyesha tarehe kwenye paketi.

Nimebakiwa na roli moja tu, anayejua duka hapa Tanga lenye mifuko ya vijistari aniambie, maana giza linaingia Jumapili na mama mkwe kashaagiza na pweza.