Mtoto wa jicho: ninavyomwandaa mgonjwa kabla na baada ya upasuaji

Swali la kwanza ninaloulizwa na ndugu wa mgonjwa huwa moja: afanyiwe kwa mashine au kwa mkono? Mimi ni muuguzi wa macho, na swali hilo hulijibu mwisho. Yapo mambo yanayoamua zaidi kama mzee ataona, na mengi yake hufanyika kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Mtoto wa jicho si utando ulioota juu ya jicho. Ni lenzi yenyewe, iliyo nyuma ya mboni, imepata ukungu. Ndiyo maana hakuna tone, asali wala maji ya majani yanayoisafisha. Vitu hivyo vikiharibu kitu, huharibu konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na kovu la konea haliondoki kwa kubadilisha lenzi.

Naanza na chati ya mita 6, kila jicho peke yake. Asiyeona hata alama kubwa ya juu namhesabisha vidole, akishindwa nampungia mkono, mwisho natumia tochi. Kwenye tochi ndipo penye kazi. Hata jicho lenye mtoto aliyekomaa, mboni nyeupe kabisa, linatakiwa litambue mwanga unatokea wapi. Nafunika jicho la pili kwa kiganja pasipenye kitu, namulika kutoka juu, chini, kulia na kushoto, naye ananyooshea kidole. Akikosea pande, au asipoona mwanga wowote, mashaka yanahamia nyuma, kwenye retina, pazia la ndani linalopokea mwanga, au mshipa wa fahamu. Mara nyingi ni presha ya jicho iliyokwisha kula mshipa huo. Akipasuliwa bila kuelezwa hilo, atatoka na lenzi safi na giza lilelile, kisha mtaa mzima utasema upasuaji unapofusha.

Nabonyeza pia pembe ya jicho, pale karibu na pua. Usaha ukichomoza, tarehe inasogezwa mpaka utibiwe, maana wadudu hao wakiingia ndani ya jicho tunaweza kulipoteza. Sukari na presha ya damu zinapimwa. Wanaume wazee nawauliza kuhusu dawa ya tezi dume, hasa tamsulosini: mboni hugoma kupanuka na hulegea katikati ya upasuaji, hata kwa aliyeacha kuimeza. Daktari akijua mapema hujipanga. Mwenye kikohozi, au asiyeweza kulala chali kwa nusu saa, aseme. Ganzi huchomwa kando ya jicho na mgonjwa hubaki macho.

Kipimo cha lenzi bandia itakayowekwa hakitaki haraka. Urefu wa jicho ukikosewa kwa milimita 1 tu, namba ya miwani baadaye inapotoka kwa takriban dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya miwani). Ukigandamiza konea kwa kifaa cha kugusa, jicho linaonekana fupi kuliko lilivyo. Kwa hiyo vipimo vinarudiwa mpaka vilingane.

Sasa mashine na mkono. Kwa mkono, daktari hukata njia ya milimita 6 hadi 7 kwa mshazari, anatoa kiini kizima, na mkato hujifunga, kwa kawaida bila nyuzi. Mashine hupita kwenye tundu la milimita 3 au pungufu, husaga lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza. Si leza, ingawa wengi huiita hivyo. Njia zote mbili humalizia kwa kuweka lenzi bandia. Mashine huponya haraka na konea haipindi sana. Lakini lenzi ngumu ya kahawia, ambayo wazee wetu wengi huja nayo kwa kuchelewa, hudai nguvu nyingi ya mashine, na nguvu hiyo huumiza konea. Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 108, ulikuta baada ya miezi 6 asilimia 98 ya kila kundi waliona 6/18 au zaidi kwa miwani, yaani kwa mita 6 walisoma angalau alama ambayo jicho zima huisoma kwa mita 18. Kama pesa ya mashine ni ya kukopa, mimi husema ibaki iwe nauli ya kurudi kliniki.

Matone ya kuzuia wadudu na ya kutuliza uvimbe hutumika kama wiki 4 hadi 6, yakipunguzwa kidogo kidogo. Namfundisha atakayeyaweka nyumbani, naye anaweka mbele yangu: mgonjwa aangalie juu, kope la chini livutwe, tone 1 lidondoke kwenye kifuko, ncha isiguse jicho, na dakika 5 zipite kabla ya dawa ya pili. Kwa bibi asiyejua kusoma, chupa moja naifunga mpira wa manjano. Jicho lisisuguliwe, usiku livae ngao ya plastiki. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, uoni ukishuka au usaha ukionekana, arudi saa hiyohiyo, hata usiku. Maambukizi ya ndani hayangoji asubuhi.

Ukungu ukirudi baada ya miezi au miaka, si mtoto wa jicho mpya. Ni kifuko kinachoshika lenzi bandia kimefifia, na hapo ndipo leza halisi hutumika, dakika chache, bila kisu. Miwani ya kusomea wengi wataihitaji, kwa kuwa lenzi ya kawaida hupangwa kwa kuona mbali. Ipimwe mkato ukishatulia, karibu wiki ya 6. Inayonunuliwa kabla ya hapo mara nyingi huishia kabatini.