Mtori wa mama, Desemba 2018

Yaani mpaka leo nikipita ile barabara ya kwenda Marangu roho inaniuma. Ilikuwa Desemba 2018, si mnajua Desemba Wachagga tunavyopanda nyumbani, mi nikampeleka mama, alikuwa hajafika Moshi miaka sita sababu ya magoti, kukaa kwenye basi toka Dar kutwa nzima kwake ni mateso. Nilianza kuweka hela pembeni toka Septemba, nikasema mwaka huu lazima aende na usiku mmoja nimpeleke mtoko akale chakula cha kwao, akae ahudumiwe, maana maisha yake yote yeye ndo anahudumia watu.

Kuna mgahawa ulikuwa unasifiwa sana, wamejenga kiasili, viti vya magogo, taa za chemli, vibuyu vimening'inia ukutani. Tumeingia tu mama akaangalia juu akauliza, "Haya makuti yametoka wapi? Huku kwetu si tulikuwa tunaezeka nyasi na majani ya migomba?" Nikamwambia kaa mama, tule.

Tukaagiza mtori na ndizi nyama, na mi nikachukua mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Saa nzima na nusu. Baridi inapiga, mama kajikunyata na khanga yake, nimeenda jikoni mara mbili naambiwa inakuja dada, inakuja.

Ulipokuja niliona uso wa mama umebadilika kabla hajaonja. Mtori jamani ni ndizi mshare, unachemsha na nyama ya mifupa mpaka zinalainika zenyewe af unaponda kwa mwiko taratibu mpaka unakuwa mzito na laini, ndo chakula cha mzazi, mama alinipikia kila asubuhi siku arobaini nilivyojifungua mtoto wangu wa kwanza na ladha yake naijua hata nikiwa usingizini. Huu ulikuwa maji, vipande vya ndizi vigumu vinaelea, na kinachosikika mdomoni ni kile kiungo cha pakti tu. Nyama ngumu. Mbege nayo tamu kama juisi, ule uchungu wa gome la msesewe haupo kabisa.

Mama alikula vijiko vinne akaweka kijiko chini. "Nimeshiba mwanangu." Alikuwa hajala kitu toka saa sita mchana, na najua alisema vile ili nisijisikie vibaya, hapo ndo machozi yalinilenga. Nikataka kumsema yule kijana aliyetuhudumia, mama akanishika mkono, "Muache, mtoto wa watu huyo, kwani ndo kapika yeye?" Nikalipa elfu 42, tukaondoka, ndizi nyama tumeziacha karibu zote.

Njiani hatukuongea sana. Tulifika kwa mama mdogo saa nne usiku wote wamelala, mi nikapitiliza chumbani nibadilishe nguo. Kurudi, namkuta mama kule jiko la kuni, kafunua sufuria la kiburu, zile ndizi za maharage, kilichobaki mchana, hajawasha hata moto, anakula amesimama, cha baridi vile vile, na ile fimbo yake kaiegemeza ukutani.

Akaniona. "Njoo ule, kipo kingine huku chini."