Kiu ya lita saba: nilivyojipa kisukari na sisimizi wakanithibitishia

Kwanza mjue mimi si mtu wa magonjwa. Nina miaka 26, nauza mitumba Kongowea, robota la kilo arobaini na tano naliweka begani bila kumuita mtu, na tangu nizaliwe sijalala kitanda cha hospitali. Kwa hivyo mwezi wa kwanza nilipoanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni sikushtuka, nikasema ni kaskazi hii, nani haoni joto Mombasa mwezi wa kwanza, hata paka wa Mji wa Kale wanalala chali.

Lakini wenzangu sokoni walikuwa kwenye joto hilo hilo na hawanywi vile. Mimi chupa ya lita moja na nusu inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Usiku naamka mara tatu, mara nne, ulimi umenata juu kama stempu, nakunywa, nalala, saa moja baadaye naamka kukojoa, halafu kwa kuwa nishaamka nakunywa tena. Sisi huku Kisauni maji ya kunywa tunanunua, mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, manake ya kisima yana chumvi mpaka chai inaharibika, na mamangu ndiye aliyegundua kwanza kwa sababu mtungi uliokuwa unatutosha siku mbili, sisi watatu na mtoto, sasa haufiki kesho yake adhuhuri. Akaniangalia akasema, "Babangu, hii ni sukari. Babu yako ilimuanza hivi hivi."

Babu ilimuanza ana miaka sitini na kitu, lakini nani atamwambia.

Basi kutoka siku hiyo kila mtu akawa daktari. Ami yangu akaleta karela, akasema nisage nikunywe asubuhi tumbo tupu, nikanywa siku nne, siku ya tano nikatapika mbele ya wateja na biashara ikafungwa mapema. Jirani akasema mwarobaini, eti unatibu magonjwa arobaini, nikamuuliza kiu ni la ngapi katika hayo arobaini, akanuna mpaka leo. Jamaa wa kibanda cha pili sokoni akasema nimetupiwa jicho kwa sababu nauza sana (hapo kidogo nilifurahi). Muuza dawa mmoja akataka kuniuzia majani ya chai ya kusafisha damu, pakiti mia nane hivi. Na mimi mwenyewe saa saba usiku na simu mkononi, nasoma dalili: kiu, kukojoa sana, uchovu. Uchovu nilikuwa nao, mtu haamki mara nne usiku akaamka mchangamfu! Lakini saa saba usiku hufikirii hivyo, unafikiria mguu wako ukikatwa.

Sasa niwape ya sisimizi, manake ndiyo iliyonimaliza.

Kuna bibi mmoja mtaani kwetu, umri wake hata yeye haujui, nimempa shikamoo akanikalisha barazani. Akanambia zamani hakukuwa na mashine, mtu akikojoa mchangani wakaja sisimizi basi ana sukari, wasipokuja ni mzima. Bure kabisa. Nikaona bibi ana akili kuliko wote. Usiku baada ya isha nikangoja watu waingie ndani, nikaenda nyuma ya nyumba chini ya mpera, nikafanya nilichofanya, nikaweka jiwe la alama, nikachutama na tochi ya simu. Dakika kumi, kimya. Dakika ishirini, kimya. Nikaanza kuhimidi. Nusu saa, akatokea mmoja. Akazunguka, akasimama, akarudi alikotoka, nikajua huyu ameenda kuwaita. Wallahi hazikupita dakika kumi na tano nikaona msafara kama foleni ya feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Magoti yakalegea. Nikaingia ndani nikalala bila kusema na mtu, nishajiona nina mguu mmoja, nani atanipa binti yake.

Asubuhi nikaenda kuangalia tena kwa mwanga wa jua. Ule msafara ulikuwa haukomei kwangu. Ulikuwa unapita, tena unazunguka kabisa pale nilipolowesha, unaenda mpaka kwenye shina la mpera, na pale chini kulikuwa na mbegu za mabuyu, yale mekundu ya sukari, mtoto wa dadangu alikaa hapo jana yake anayamung'unya anatema. Mkojo wangu sisimizi waliukwepa.

Ungedhani hapo nitatulia. Nikaenda kupima kwa mashine, kuna mama mmoja pale sokoni ana sukari, mashine yake anatembea nayo kwenye mkoba. Ilikuwa saa ya chai, nimetoka kula kaimati, zile za shira, nikampa kidole, akatoboa, mashine ikasema 14.2. Yule mama akanishika bega akasema "Pole mwanangu" kwa sauti ya msibani. Nikafunga kibanda, nikapanda tuktuk moja kwa moja mpaka zahanati, na njiani nimenunua maji lita moja nimeyamaliza.

Nesi pale hata hakushtuka. Akauliza, "Ulinawa mikono?" Nikasema nilipangusa na kitambaa. Akacheka, akanipeleka kwenye bomba, sabuni, nikakausha vizuri, akatoboa kidole kingine: 6.1. Ile 14 ilikuwa shira ya kaimati kwenye ncha ya kidole, tone la damu linachanganyika nayo mashine inasoma sukari ya jikoni. Kwa hivyo nyinyi mnaojipima nyumbani, naweni. Akanambia nirudi asubuhi bila kula, nikarudi, 4.9, na akanieleza kwamba bila kula chini ya 5.6 ni sawa, ukifika 7 ndio inaitwa sukari, na hata hapo wanarudia kupima. Malipo yalikuwa mia mbili hivi, sikumbuki vizuri, kwa vyovyote nafuu kuliko ile chai ya majani.

Nilishukuru kwa kama siku mbili. Lakini kiu bado ipo, na Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tano, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma ndani, nitafungaje na mimi sikai nusu saa bila maji. Nikaenda hospitali nikaonana na daktari mwenyewe, mama wa makamo, mpole, hana haraka. Akanitoa damu ya kile kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu nyuma, ikaja asilimia 5.3 (kisukari kinaanzia 6.5), figo sawa, chumvi ya damu 136, iko ndani lakini kwa chini chini. Hapo akanionya kwamba maji nayo yakizidi sana kwa haraka yanashusha ile chumvi na mtu anaweza kuchanganyikiwa akaanguka, jambo ambalo mimi na chupa yangu hatukuwahi kuliwaza.

Halafu akaniuliza swali ambalo nililibeba mpaka nyumbani: "Kijana wangu, unakunywa kwa sababu unakojoa, au unakojoa kwa sababu unakunywa?" Akasema mwenye sukari, sukari ikijaa kwenye damu figo zinaimwaga na inavuta maji pamoja nayo, kwa hivyo anaanza kukojoa ndipo kiu inamshika, na mara nyingi anakonda. Mimi nilikuwa nimenenepa kilo mbili. Na kuna ugonjwa mwingine adimu ambao jina lake la kizungu linafanana na kisukari lakini sukari haimo, mwili unashindwa kuzuia maji, hapo mkojo unakuwa mweupe kama maji hata usiponywa. Akataka ushahidi: nikusanye mkojo wa masaa 24.

Nilitumia jerikeni la lita tano la mafuta ya kupikia, limeoshwa, bado lina karatasi yake ya picha ya alizeti. Jumapili sina kazi nikasema ndiyo siku. Kumbe mamangu ana wageni, khalati zangu wawili wametoka Malindi, wamekaa ukumbini, na choo chetu kiko mwisho wa ukumbi. Kila saa napita na jerikeni. Mara ya tano khalati mkubwa akashindwa kuvumilia, "Jamani, huyu mtoto kila saa anaingia msalani na mafuta, anakaanga nini huko?" Dadangu alicheka mpaka akatoka nje. Mpaka kesho yake asubuhi lilikuwa limefika lita nne na nusu, zaidi ya lita tatu ni nyingi mno. Kunywa nilikuwa nakunywa kama saba, nilipima kwa ile chupa.

Kipimo cha mwisho kilikuwa kutokunywa kuanzia saa nne usiku na kuleta mkojo wa asubuhi. Hiki msijifanyie wenyewe, mwenye ule ugonjwa mwingine anaweza kukauka vibaya, mimi nilipewa saa na namba ya kupiga. Ulikuwa usiku mrefu kuliko usiku wa kuamkia Idi. Asubuhi mkojo umekuwa wa njano kama binzari, kikaratasi cha kupima uzito wa mkojo kikasoma 1.020, yaani figo zinajua kazi yake.

"Basi kinachokukausha ni kitu kingine," akasema. "Unakunywa dawa gani?"

Nikajibu sinywi dawa yoyote.

"Hata za mafua?"

Jamani. Mitumba ina vumbi, ukifungua robota unapiga chafya mpaka mbavu zinauma, na mimi tangu mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nameza vile vidonge vidogo vya njano vya mzio, kimoja asubuhi, viwili usiku, vya shilingi kumi kumi dukani, sikuwahi kuvihesabu kama dawa, ni kama pipi. Vinakausha pua, na mate vinayakausha vile vile. Mdomo unakauka, unakunywa, unakojoa, unaamka, unaogopa, unakunywa zaidi kwa hofu. Ami, jirani, muuza dawa, mamangu, mimi na simu yangu, wiki nne, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo, na muuza dawa ndiye aliyekuwa ananiuzia!

Akanibadilishia aina nyingine isiyokausha sana, akasema nivae barakoa nikifungua robota na nipunguze maji kidogo kidogo. Siku ya tatu niliamka alfajiri mate yamejaa mdomoni, nikamuamsha dadangu kumuonyesha, akanitukana.

Ramadhani nimefunga zote, kiu ilikuwa ya watu wote, ile ya saa kumi alasiri ukipita kwenye madafu. Chafya bado zipo kidogo. Ami ameshazisikia, jana kaja na fungu la kivumbasi.